Jeshi Hujulikana kwa Ghala Lake

Kata ya Itaka, Wilaya ya Mbozi, haitajwi sana katika vitabu vya vita. Ni nchi ya Wanyiha, nchi ya kahawa na mahindi, kwenye uwanda wa juu ambao ukiuacha kuelekea kaskazini unateremkia bonde la Rukwa. Huko bondeni, kando ya Mto Songwe (ule unaoingia Rukwa, si ule wa mpaka na Malawi), ipo Galula yenye misheni kongwe ya Wakatoliki. Kusini magharibi ipo Tunduma, na ng'ambo ya Tunduma ni Zambia. Mtu anayetaka kuelewa jeshi la kawaida linatofautianaje na kundi la wapiganaji wasio wanajeshi hana haja ya kuanza na Vietnam wala Afghanistan. Katika muda wa miaka hamsini hivi, hadi Novemba 1918, nchi hii na majirani zake walishuhudia karibu kila aina ya mtu abebaye silaha: ruga-ruga, askari wa Mjerumani, askari wa Mwingereza, na mwishoni jeshi ambalo lilikuwa la kawaida kwa sheria na la msituni kwa mwenendo.

Tukiulizwa tofauti hiyo ni nini, wengi wetu tunataja sare, kwata, bunduki nzuri, vyeo. Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu mateka wa vita umekwenda mbele kidogo. Umewawekea wapiganaji wasio wa jeshi rasmi masharti manne ili nao watendewe kama mateka wakikamatwa: wawe na kiongozi anayewajibika kwa matendo ya walio chini yake, wawe na alama inayotambulika kwa mbali, wabebe silaha waziwazi, na wafuate sheria na desturi za vita. Kwa hakimu masharti hayo yanatosha. Mwanakijiji aliyesimama mlangoni pake akitazama watu mia tatu wenye bunduki wakipanda mlima anahitaji kitu cha haraka zaidi. Anajiuliza hawa watakula nini leo usiku, na wakimdhulumu, jina la aliyemdhulumu limeandikwa wapi. Naamini maswali hayo mawili yanatenganisha majeshi kwa usahihi kuliko sare, na ndiyo nitakayoyafuata hapa.

Tuanze na ruga-ruga. Katika karne ya 19 neno hilo lilitisha kuanzia Unyamwezi hadi kusini mwa Rukwa. Walikuwa vijana, wengi wao wametengwa na ukoo kwa vita, njaa au biashara ya utumwa, waliojikusanya nyuma ya mtu mwenye jina. Hawakuwa na mshahara. Ujira wao ulikuwa ngawira: ng'ombe, pembe, nguo, wanawake, mateka wa kuuza. Wala hawakuwa na rasheni, kwa hiyo vita ndivyo vilivyokuwa shamba lao. Kundi la namna hiyo haliwezi kukaa bila kushambulia, kwa sababu amani kwake ni njaa. Huku kwetu, Merere wa Usangu, baada ya kusukumwa na Wahehe, alihamia Utengule karibu na Mbeya ya leo, na majirani zake Wasafwa na Wanyiha wakaonja uzito wa watu wenye silaha wanaotafuta chakula. Ndiyo maana vijiji vingi vya enzi hiyo vilizungushiwa maboma ya miti.

Mirambo wa Urambo ndiye anayetajwa zaidi miongoni mwa mabwana wa ruga-ruga, na anastahili. Lakini kwa hoja yangu, mtu wa kutazamwa kwa makini ni jirani yake wa kusini, Nyungu ya Mawe, aliyeiteka nchi ya Ukimbu. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1884. Dola ya Mirambo ilianza kumong'onyoka mara tu alipozikwa, maana ruga-ruga wake walikuwa wa kwake yeye, na yeye hayupo. Ya Nyungu ilidumu. Alimrithi mwanamke, Mgalula, na utawala ukasimama mpaka Wajerumani walipoufikia katikati ya miaka ya 1890. Nyungu alikuwa amewagawa wakuu wake katika maeneo, kila mmoja akiitwa mtwale, akisimamia eneo lake na kukusanya pembe kwa ajili ya mtemi. Yaani kundi lilianza kula kwa utaratibu, kutoka mahali panapojulikana, kwa mkono wa mtu anayejulikana. Hakuwapa sare. Aliwapa ofisi, na ofisi haifi na mwenyewe.

Sasa mtazame askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani. Mwaka 1914 koloni lilikuwa na kombania 14 za uwanjani, na askari Waafrika wasiozidi 2,500 hivi. Kombania ilikuwa na askari wapatao 160, Wazungu wachache, bunduki za rashasha, na wapagazi mia mbili na zaidi. Kombania nyingi bado zilibeba bunduki za mfumo wa 1871, zenye baruti nyeusi itoayo moshi mwingi. Ukipiga risasi moja adui anajua ulipo. Kwa bunduki za mkononi, basi, hawakumzidi sana mtu wa Mirambo. Walimzidi kwa daftari. Askari aliandikwa jina, akapewa rupia zake kila mwezi, akapanda kutoka ombasha hadi shaushi kwa ngazi zilizowekwa. Mkewe na watoto walijulikana kambini, na vita vilipoanza nyumba nzima ilifuata nyuma ya safu pamoja na mizigo yake. Wakati wa amani, mshahara wa askari ulimwinua juu ya kibarua wa shambani kwa mbali sana. Alikuwa mkatili? Mara nyingi sana, na waulizwe watu wa kusini kuhusu vita vya Maji Maji. Ila ukatili wake ulikuwa wa amri. Aliyemtuma alijulikana, na aliweza kumzuia siku anayotaka.

Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba kombania hizohizo ziliambatana na ruga-ruga. Wajerumani waliwachukua wapiganaji wa machifu, wakawapa bunduki kuukuu na labda kitambaa cha kuwatofautisha, wakawatanguliza kupeleleza na kuchoma vijiji. Dola yenye daftari ilitumia watu wasio na daftari kwa kazi ambazo haikutaka ziandikwe. Hila hiyo haijazeeka, na tutaikuta tena Kongo.

Vita Kuu ilifika mpaka huu mapema. Karonga, upande wa Nyasaland, palipiganwa Septemba 1914. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalivuka kwa safu nne kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika, yakalenga vituo vya Wajerumani vya mpakani kama Namema na Luwiwa, na kabla ya Juni yalikuwa yameingia Neu-Langenburg, yaani Tukuyu. Hadi hapo vilikuwa vita vya vitabuni: mahandaki, mizinga, bendera, na njia ya chakula inayorudi nyuma hadi bandarini. Uti wa mgongo wa njia hiyo haukuwa gari wala farasi. Ulikuwa kichwa cha mpagazi, mtu aliyelazimika kula sehemu ya mzigo anaoubeba. Kadiri safari ilivyorefuka, ndivyo mzigo ulivyopungua kabla ya kufika.

Mwanzoni mwa 1917 Kapteni Max Wintgens wa Schutztruppe alifanya jambo linalostahili kufundishwa katika kila chuo cha kijeshi cha Afrika Mashariki. Aliamriwa arudi kusini pamoja na wenzake kuelekea Ruvuma. Badala yake alichukua askari wapatao 500, akageuza uso, akapanda kaskazini magharibi na kupenya katikati ya Nyasa na Rukwa. Alikuwa ametumikia Rwanda kabla ya vita, na inasemwa askari wake wengi walitoka sehemu za Tabora na walichoka kupigania nchi isiyo yao. Waingereza walimfuata. Galula, kwenye misheni ambayo ramani za wakati ule ziliiita St. Moritz, kikosi cha askari Waafrika wa Rhodesia chini ya Tomlinson kilimshambulia kikajikuta chenyewe kimezingirwa, mpaka safu ya Kanali Murray ilipofika kukiokoa. Wintgens hakungoja. Alitoweka kuelekea Tabora.

Kwa sheria, Wintgens alikuwa ofisa wa jeshi la kawaida, na watu wake walikuwa askari walioapishwa, wenye vyeo na nidhamu ya risasi. Lakini tangu siku aliyokata njia yake ya chakula, jeshi lake lilianza kubadilika. Halikuwa na ghala nyuma. Lilikula mbele. Likifika kijijini linachukua, likimaliza linaondoka, na mwendo wake haukuamuliwa tena na mkakati peke yake bali na mahali penye nafaka. Mei 1917 Wintgens, akiwa mgonjwa wa homa kali, alijisalimisha kwa Wabelgiji. Luteni Naumann akachukua uongozi akaendelea kuzunguka kaskazini mwa koloni, akivamia hadi reli ya Moshi, akifukuzwa na maelfu ya askari, hadi alipozingirwa karibu na Kondoa na kusalimu amri mwanzoni mwa Oktoba. Hakutendewa kama Wintgens. Waingereza walimshitaki kwa mauaji yaliyofanyika njiani, wakamtia hatiani. Unaweza kusema ni hasira ya mshindi. Mimi naona pia mantiki ya tumbo: watu mia tano wasio na rasheni hawawezi kuzunguka nchi kwa nusu mwaka bila mtu kufa juu ya debe la mtama.

Von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Schutztruppe, alipita hapa mwishoni mwa Oktoba 1918, akitoka Msumbiji kupitia Njombe. Alipita Mbozi, akaishambulia Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Tunduma ya leo, akashindwa kuitwaa, akaendelea hadi Kasama. Habari ya kusimamishwa kwa vita ilimkuta kwenye Mto Chambeshi tarehe 13 Novemba. Siku 12 baadaye alikabidhi silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Hesabu ya siku ile inaeleza mengi. Walijisalimisha Wazungu 155 na askari 1,168, na bunduki walizoweka chini, 1,071, zilikuwa za Waingereza na Wareno. Jeshi la Kaisari lilikuwa limemaliza bunduki zake likabaki na za adui. Hata ghala la silaha lilikuwa limehamia upande wa pili wa vita. Ukitaka risasi, nenda kamnyang'anye mwenye nazo. Hiyo ndiyo alama ya mpiganaji wa msituni, na Lettow alifika huko bila kuvua kofia yake ya ujenerali.

Kuna pingamizi, na ni zito. Majeshi yenye ghala nayo yalipora, na kwa kuwa yalikuwa makubwa, yalipora zaidi. Ugogo kati ya 1917 na 1920 ulipata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Mvua zilikosekana, lakini kabla ya ukame Wajerumani walikuwa wamechukua nafaka na ng'ombe kwa maelfu, na Waingereza walipoingia wakachukua vingine pamoja na wanaume wa kubeba. Nalikubali pingamizi hilo lote. Sijasema jeshi la kawaida ni jema. Nasema dhuluma yake inaacha karatasi, na karatasi humfuata mtu.

Tazama ilivyotokea 1964. Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo ya mishahara ambayo askari wa Lettow hawakuwahi kulipwa. Wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare, wengine mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba mhasibu aliyetumwa na fedha aliwapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Hadithi hiyo imepigwa msasa na wasimuliaji, lakini malipo yenyewe yalikuwepo. Miaka 46 baada ya vita, dola iliyokwisha kubadilisha serikali mara kadhaa ilikiri deni. Hakuna ruga-ruga aliyeitwa Mwanza. Hakuna mwanamke wa Mbozi aliyeitwa kulipwa mahindi yake.

Mwaka huohuo, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Serikali ya Mwalimu ilinusurika kwa kuwaita makomando wa Kiingereza siku tano baadaye, na Septemba likaundwa Jeshi la Wananchi. Maasi yale huelezwa kama aibu ya jeshi, na ni kweli yalikuwa aibu. Ila hata katika aibu ile walitenda kama waajiriwa: walikuwa na madai, na walikuwa na wa kumdai. Mtu wa msituni hadai nyongeza. Anaongeza mwenyewe.

Tanzania iliyajaribu haya yote kwa vitendo katika vita vya Kagera. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umetaka ulinzi uwe wa umma, na sheria ya mgambo ikafuata 1973. Idi Amin alipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi lilikuwa na watu chini ya 40,000. Katika wiki chache likapanuka kupita 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba chakula na watu. Mkulima aliyejifunza kulenga shabaha jioni kijijini akajikuta ana namba ya jeshi.

Lukaya, ndani ya Uganda, 10 Machi 1979, ndipo mtihani ulipoletwa. Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo ambao hawajapigana, ilishukiwa na Waganda na Walibya wenye vifaru na roketi za Katyusha. Roketi nyingi ziliwapita juu ya vichwa, lakini mlio wake ulitosha. Watu walikimbia. Kundi la ngawira likikimbia hivyo halirudi. Kila mmoja anakwenda kwao na bunduki yake. Hapa makamanda waliipanga upya brigedi hiyohiyo, usiku uleule, na Brigedi ya 208 iliyokuwa mbali kaskazini ikaagizwa kurudi kwa haraka. Alfajiri ya tarehe 11 ikampiga adui ubavuni, nao waliokimbia jana wakashika nafasi yao. Walibya wapatao 200 walikufa, na njia ya Kampala ikafunguka.

Ujasiri wa wale mgambo haukuwa mkubwa asubuhi kuliko jioni ya jana. Kilichokuwepo ni orodha ya majina ya kusomwa gizani, sajenti wa kusema nani yuko na nani hayuko, redio ya kuiita brigedi nyingine, na lori la kuileta. Wanaoandika kwamba Kagera tulishinda kwa moyo wa uzalendo wanasema nusu. Uzalendo uliwapeleka watu Lukaya. Kilichowazuia wasitawanyike Lukaya ni utumishi wa jeshi, kazi ya makarani na madereva ambayo haina mnara wa kumbukumbu hata mmoja. Na baada ya vita, orodha zilipofungwa na watu kurudishwa vijijini, Tarime walianza kuona wizi wa ng'ombe wa bunduki za kivita.

Kongo mashariki inatupa kipimo cha leo. Azimio 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, liliunda Brigedi ya Kuingilia Kati ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Mapema Novemba mwaka huo kundi la waasi la M23 lilishindwa. Wengi tulisherehekea tukidhani siri ya kuwamaliza waasi imepatikana. Lakini M23 ya 2013 ilikuwa mwasi wa aina rahisi kwa mizinga. Ilitokana na wanajeshi walioasi jeshi la Kongo mwaka 2012. Ilikuwa na makao, ilishika vilima, ilikusanya ushuru mpakani Bunagana. Ilikuwa na ghala, na ghala hupigwa. Waasi wa ADF wa Beni hawakuwa na kilima cha kulinda. Tarehe 7 Desemba 2017 walivamia kambi ya Umoja wa Mataifa Semuliki na kuua walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14, kisha wakarudi msituni ambako hapana makao ya kushambuliwa. Ni brigedi ileile iliyoshinda miaka minne kabla.

Kisha kuna Wazalendo. M23 iliporudi, Rais Tshisekedi mnamo Novemba 2022 aliwaita vijana wajipange kulinda nchi, na 2023 ikaja sheria ya jeshi la akiba. Makundi ya zamani ya Mai-Mai, ambayo serikali hiyohiyo iliyapiga vita miaka mingi, yakapata jina jipya na risasi. Mshahara wa uhakika hayakupata. Yakaweka vizuizi barabarani, kwa sababu kizuizi ndiyo rasheni ya asiye na rasheni. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025 hata hivyo. Kinshasa ilifanya walivyofanya Wajerumani na ruga-ruga: kumkabidhi mtu bunduki na kumwachia tumbo lake mwenyewe.

Tusiwacheke Wakongo haraka. Mgambo wetu bado wapo, kila wilaya ina mshauri wake wa mgambo kutoka jeshini, na mafunzo yao ya miezi kadhaa ni mazuri kuliko sifa yao. Aliyehitimu anajua kwata, anajua silaha, ana kiapo. Tatizo huanza baada ya gwaride la kufunga mafunzo. Kijana anarudi Itaka au Tunduma hana kazi, halmashauri fulani inamwita siku ya operesheni, inampa rungu, inamwambia akawaondoe wauza nyanya barabarani, na posho yake inategemea faini atakazokusanya au haipo kabisa. Hana namba kifuani. Mama aliyenyang'anywa beseni lake hajui amtaje nani. Mpaka wa Tunduma, wenye malori, fedha za nchi mbili na wachuuzi wengi, ni mahali pabaya kuliko pengine popote kumwacha mtu wa namna hiyo ajilishe.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri za Mbozi na Tunduma, na kwa madiwani wanaopitisha bajeti zao, ni dogo. Kabla ya kumtuma mgambo sokoni, mlipeni posho kutoka kwenye kifungu kinachokaguliwa, mwandikeni katika daftari ambalo mwananchi anaweza kuomba kulisoma, na mpeni namba inayoonekana. Kama fedha hazipo, asitumwe.